Ukirudi Kutoka Sindo, Mwambie Daktari

Mwalimu mmoja wa hapa mjini alinijia akiwa na bahasha iliyojaa kadi za zahanati mbalimbali. Kwa miaka miwili alikuwa ametibiwa amiba mara tatu na homa ya matumbo mara mbili. Tumbo bado lilimsokota, mara nyingine alihara damu, na jioni alichoka hata asiweze kusahihisha madaftari.

Nilimwuliza kwao ni wapi. Alishangaa. Kwao ni Sindo, katika kaunti ya Homa Bay, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na kila Desemba yeye hurudi huko, huoga ziwani na kuwasaidia ndugu zake kuvuta nyavu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza, naye hakudhani lilikuwa jambo la kumwambia daktari. Choo chake kilipopimwa, mayai ya kichocho yalionekana.

Wengi wetu tunadhani kichocho ni kukojoa damu. Hicho ndicho kinachojulikana sana Pwani. Kichocho cha ziwani hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, na damu yake, ikionekana, huonekana chooni. Kwa miaka mingi mtu anaweza asihisi lolote. Kumbe mayai yanaendelea kulikwaruza ini na kuliachia makovu, bandama huvimba, na mwishowe mgonjwa anaweza kutapika damu. Nimewaona waliofika hospitalini katika hali hiyo, na inauma, kwa kuwa dawa ingaliweza kutolewa mapema.

Viini vya kichocho hutoka kwa konokono wadogo wa majini, sanasana mchana jua linapokuwa kali, na huingia mwilini kupitia ngozi. Mtu si lazima anywe maji hayo. Kusimama ndani yake kufua nguo kwatosha. Kwa hivyo, ukiwa nyumbani, oga kwa maji yaliyochemshwa, au yaliyotekwa na kuwekwa kwa siku mbili bila konokono ndani. Kwa kunywa, yachemshe. Tena vyoo vitumike, kwa maana mayai yasipofika ziwani konokono hawapati cha kueneza. Najua mvuvi hawezi kukaa nje ya maji. Huyo apimwe mara kwa mara.

Dawa ni prazikwanteli. Hupimwa kulingana na uzito wa mgonjwa na humezwa pamoja na chakula. Watoto wengi wa kanda ya ziwa wamewahi kuipata shuleni, lakini mtu mzima anayeishi mjini husahaulika. Fahamu mambo mawili. Dawa hii haiui vizuri minyoo wachanga, hivyo ukiimeza siku ile ile ya kushuka kwenye basi unaweza kubaki na ugonjwa. Ngoja majuma sita hadi manane, kisha upimwe. Pili, haimkingi mtu asiambukizwe tena.

Hapa ndipo ninapowalaumu wasomaji kidogo, na sisi madaktari pia. Mtu akibadilisha zahanati kila akiugua, kila daktari huanza upya, na aghalabu hutibu kinachoonekana siku hiyo tu. Chagua mmoja, wa serikali au wa binafsi, mradi faili yako ikae mahali pamoja. Mwambie ulikozaliwa, ulikosafiri, maji uliyoingia, na maradhi yaliyowapata wazazi wako. Asipokuuliza, sema wewe. Choo kikipimwa mara moja na mayai yasionekane, uliza kama kipimwe tena siku nyingine, kwa maana mayai huweza kukosekana katika kipimo kimoja. Na maadamu umeshafika, mwombe apime shinikizo la damu; nalo hukaa kimya kama kichocho.

Mwalimu wangu alimeza dawa na akapata nafuu. Desemba iliyofuata alienda tena Sindo. Mnamo Februari alikuja bila kuitwa, akiwa na kijichupa cha choo mfukoni, akaniambia kwamba safari hii amemleta na mtoto wake.