Ganda la chuma likikwama

Jumamosi moja, kwenye uwanja wa shabaha nje ya Dallas, AR-15 ya rafiki yangu iligoma katikati ya magazini. Mkono wa kukokia haukusogea hata ukucha. Ndani ya chemba mlikuwa na ganda la shaba ya manjano, basi jamaa akaapa kwamba zile risasi za bei chee za maganda ya chuma hazihusiki. Kumbe zilihusika sana, ila kosa lilitendeka dakika kumi kabla.

1. Elewa ugomvi wenyewe. Risasi inapolipuka, ganda hutanuka na kubana kuta za chemba. Shaba hutanuka upesi, inaziba gesi isirudi nyuma, halafu inanywea na kutoka bila ubishi. Chuma ni kigumu. Hakizibi sawasawa, kwa hiyo gesi na masizi hupenya pembeni mwa ganda, na kikishatanuka hakinywei vizuri. Kila risasi unayopiga inaacha chemba chafu zaidi kidogo kuliko ilivyoikuta.

2. Usichanganye. Hapa ndipo rafiki yangu aliponaswa. Alipiga magazini tatu za chuma, chemba ikapata moto na kujipaka masizi, kisha akatia shaba. Shaba, kwa ule utanukaji wake, ikajibana juu ya masizi kama kizibo cha chupa. Ukitaka kupiga zote siku moja, anza na shaba. Umeshaanza na chuma? Pitisha brashi ya chemba kwanza, ni kazi ya dakika mbili. Wenyeji wa viwanjani watakuambia vanishi ya ganda ndiyo huyeyuka ikawa gundi. Mimi siungi mkono: risasi nyingi za chuma siku hizi zimepakwa polima au zinki, vanishi hakuna, na bado zinakwama.

3. Ijue bunduki yako. Mwenye AK anasoma makala haya akicheka, na ana haki. Risasi yake ya 7.62x39, iliyobuniwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1943, ina ganda lililochongoka kama karoti; likianza tu kurudi nyuma, limeshaachana na kuta. Ganda la .223 la AR-15 limenyooka zaidi, hivyo linakwaruza kuta njia nzima. Chuma ni kilekile, chemba ndiyo tofauti.

4. Tembea na sumaku. Ile ya mlango wa friji inatosha. Usiishie kwenye ganda, gusisha na ncha. Risasi nyingi za aina hii zina ncha iliyovishwa chuma na kupakwa shaba nyembamba juu, na hiyo hula mtutu. Mwaka 2013 duka la Lucky Gunner lilichapisha jaribio la risasi 40,000 kwa bunduki nne za Bushmaster, kila moja na chapa yake. Ile ya risasi za shaba za Federal ilimaliza 10,000 bila kukwama hata mara moja, na mtutu wake ukabaki mzima. Mitutu iliyolishwa ncha za chuma ilichakaa kabla ya kufika huko. Ila tuwe wakweli: kwa bei za wakati ule, pesa iliyookolewa kwenye risasi ilitosha kununua mtutu mpya. Sumaku ina faida nyingine pia: viwanja vingi vya ndani hukataa ncha inayonata kwa sababu ya cheche, na ni heri uligundue hilo nyumbani kuliko mbele ya kaunta.

5. Si kila mgomo ni wa ganda. Maganda yakidondoka miguuni badala ya kuruka, au bolti isiposhika nyuma magazini inapoisha, kinachopungua ni nguvu. Baadhi ya risasi za bei nafuu hutiwa baruti ya kiasi, na bunduki iliyozoea kushiba haiwezi kujikoki.

6. Ukisikia "puf" badala ya "paa", acha. Huenda risasi imebaki mtutuni. Usifyatue nyingine nyuma yake.

7. Likikwama, tulia. Mtutu uelekee kwenye shabaha, magazini nje, kidole mbali na kifyatulio. Ukifyatua na isilipuke, subiri nusu dakika ukiwa umeielekeza bunduki hukohuko. Kama ni ganda tupu, ufito wa kusafishia kupitia mdomo wa mtutu utalisukuma kwa kugongagonga taratibu. Kama ni risasi nzima, mwite msimamizi au fundi. Nyundo iache garini.

8. Kagua maboksi ya zamani. Tangu Septemba 2021, Marekani ilipozuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, watu wanafukua akiba za gereji. Vanishi iliyokwaruzika hukaribisha kutu. Ganda lenye kutu usilitie chemba. Na risasi za jeshi za enzi za Kisovieti aghalabu zina fataki ya kuwashia baruti inayoacha chumvi mtutuni. Mafuta hayaitoi chumvi hiyo, maji ya moto ndiyo huitoa, kisha unakausha na kupaka mafuta siku hiyohiyo. Mimi nilitumia birika la chai. Mke wangu amelitupa, amenunua lingine, na hili jipya analificha.