Mtetemo wa Mbele Kwenye Pikapu: Tuuchunguze Kabla Waranti Haijaisha

SOMO LA ROBO HII: UTUNZAJI WA VYOMBO VYA USAFIRI



Katika miradi ya maji, afya na kilimo, pikapu ndiyo inayobeba mabomba, saruji, mbegu na wahudumu. Pikapu ikilala gereji wiki mbili, kisima nacho kinalala wiki mbili. Kwa sababu hiyo somo la robo hii linahusu tatizo moja ambalo madereva wetu hulieleza mara kwa mara kwa maneno mawili tu: "gari linatetemeka." Tutaangalia mtetemo unaotoka mbele, hasa kwenye difu ya mbele, wakati gari bado liko ndani ya waranti, yaani dhamana ya mtengenezaji.

Lengo letu si kuwageuza wajumbe wa kamati kuwa mafundi. Lengo ni kamati iweze kulieleza tatizo kwa namna ambayo karakana ya wakala itaweza kulipata, na ihakikishe kwamba hakuna mtu mwingine anayelifungua gari kabla wakala hajaliona.

Kwa nini tusisubiri

Waranti nyingi huwekwa mipaka miwili, muda na kilomita, na mpaka utakaofikiwa kwanza ndio unaohesabika. Tuchukue mfano wa waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000. Gari la mradi linalotembea kilomita 3,000 kwa mwezi litafikisha kilomita hizo katika mwezi wa 34, kabla ya miaka 3 kutimia. Gari la kilomita 5,000 kwa mwezi litafikisha katika mwezi wa 20. Kamati inayohesabu miaka peke yake inaweza kufika kwa wakala ikiwa imechelewa zaidi ya mwaka mmoja.

Kila kamati yenye gari isome kitabu cha waranti na kuandika ukurasa wa kwanza wa kitabu cha safari mambo matatu: tarehe ya mwisho, kilomita za mwisho, na karakana zinazokubaliwa. Kwa gari lililonunuliwa kupitia msambazaji wa nje ya nchi, waulizwe mapema kwa barua kama wakala wa hapa nchini ataitambua waranti hiyo.

Difu ya mbele hufanya kazi gani

Difu ni mkusanyiko wa gia unaopokea mzunguko kutoka kwenye propela na kuugawa kwa magurudumu mawili, ili gari linapokata kona gurudumu la nje liweze kuzunguka haraka kuliko la ndani. Pikapu nyingi za foo-wili zina difu mbili. Ya nyuma hupewa nguvu wakati wote. Ya mbele hupewa nguvu pale tu dereva anapoingiza foo-wili.

Hata hivyo, difu isiyopewa nguvu si lazima iwe imetulia. Kwenye magari yasiyo na habu za kufunga na kufungua magurudumuni, magurudumu ya mbele huzungusha shafti zake muda wote, na baadhi ya gia na beringi ndani ya difu huzunguka pamoja nazo bila mzigo. Beringi ikiwa na nafasi iliyozidi, shafti hucheza ndani yake, na dereva huhisi mtetemo au husikia mvumo. Kwenye baadhi ya pikapu za namna hii, foo-wili ikiingizwa shafti hupata mzigo na kukaa katikati, na mtetemo hupungua au hutoweka. Hii ni dalili muhimu sana, nayo haihitaji spana hata moja.

Hatua za uchunguzi

Tuanze na yale rahisi. Mitetemo mingi haitoki kwenye difu, na wakala atakuwa na haki ya kuuliza kama hayo mengine yameangaliwa.

1. Osheni magurudumu upande wa ndani. Wakati wa masika matope huganda ndani ya rimu upande mmoja, na hilo peke yake latosha kutikisa usukani. Kagueni upepo wa tairi, nati za magurudumu, rimu iliyopinda na tairi iliyovimba. Kisha tairi zibalansiwe.

2. Badilisheni tairi za mbele na za nyuma. Mtetemo ukihama kutoka kwenye usukani kwenda kwenye kiti, chanzo ni tairi au rimu. Usipohama, endeleeni.

3. Andikeni mwendo. Dereva aendeshe kwenye barabara iliyonyooka isiyo na watu, akiwa na mtu wa pili wa kuandika. Mtetemo unaanza kilomita ngapi kwa saa? Unazidi wapi? Unaisha wapi? Dereva asiandike mwenyewe huku akiendesha.

4. Itengeni injini. Kwenye gari la gia za mkono, rudieni mwendo uleule kwa gia mbili tofauti. Mtetemo ukibaki kwenye mwendo uleule ingawa injini inazunguka kwa kasi nyingine, injini si chanzo. Kisha gari likiwa limesimama, injini izungushwe kwa kasi hiyohiyo. Likitetemeka hapo, tatizo haliko kwenye magurudumu wala difu.

5. Angalieni breki. Mtetemo unaokuja pale tu breki inapokanyagwa kwa kawaida huelekeza kwenye diski za breki.

6. Chungulieni chini bila kufungua kitu. Je, mipira inayofunika viungio vya shafti za mbele imepasuka na kumwaga grisi? Je, propela imeshika kamba, nyasi au matope? Je, kuna oili inayovuja kwenye sili za difu? Pigeni picha. Asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

7. Linganisheni 2H na 4H. Kwenye barabara ya changarawe iliyonyooka, pitieni mwendo wenye mtetemo mkiwa 2H, kisha mwingize 4H kwa namna kitabu cha gari kinavyoelekeza na mpite mwendo uleule. Jaribio hili lisifanyike kwenye lami kavu, wala kwenye kona, kwa sababu foo-wili ya aina hii hukaza shafti na gia pale tairi zinaposhika sana. Kwa gari lenye habu za mkono, linganisheni pia habu zikiwa zimefungwa na zikiwa wazi. Mtetemo usiobadilika hata habu zikiwa wazi hautoki kwenye difu ya mbele.

Hesabu ndogo inayosaidia

Gurudumu la pikapu ya kawaida lina mzingo wa kama mita 2.4. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari huenda mita 22 kwa sekunde, hivyo gurudumu huzunguka kama mara 9 kwa sekunde. Propela yenye uwiano wa difu wa 3.9 huzunguka kama mara 36 kwa sekunde. Kwa hiyo mtikisiko wa polepole, ambao mkono unaweza karibu kuuhesabu, huelekeza kwenye gurudumu au shafti yake. Mtetemo wa haraka unaofanana na mvumo huelekeza kwenye propela au gia. Dereva akieleza ni upi kati ya hiyo miwili, fundi ameokoa nusu siku.

Mfano kutoka kwenye gari la mradi

Pikapu mojawapo ya Dayosisi ilianza kutetemeka kati ya kilomita 55 na 70 kwa saa. Karakana iliyolipokea ilibalansi tairi na kulirudisha ikisema halina tatizo. Kesho yake mtetemo ulikuwa palepale. Tukafuata hatua zilizoelezwa hapo juu. Tairi zilipobadilishana nafasi, mtetemo haukuhama. Kwa gia ya tatu na ya nne ulikuja kwenye mwendo uleule. Tulipoingiza 4H ulitoweka, na tulipotoa ukarudi. Jaribio hilo tulilirudia mara tatu.

Tuliandika ukurasa mmoja na kuomba fundi wa karakana apande gari pamoja na dereva wetu kwenye barabara tuliyoichagua. Safari ile ilichukua dakika 20. Difu ilifunguliwa, beringi ya shafti ya upande mmoja ikabadilishwa, na mradi haukulipia kifaa wala ufundi. Gharama zetu zilikuwa mafuta ya kwenda mjini na posho ya dereva. Tunawaomba marafiki wanaochangia bajeti waelewe kwamba matengenezo ya waranti nayo yana gharama hizi, na ziwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Namna ya kuandika malalamiko

Barua iwe fupi na iwe na mambo haya: namba ya chesisi, tarehe ya kununuliwa, kilomita za siku hiyo, sevisi zilizofanyika na risiti zake, mwendo ambao mtetemo unaanza na kuisha, matokeo ya 2H na 4H, na yale yaliyokwisha kuangaliwa. Mwishoni ombeni mambo mawili: safari ya majaribio pamoja na fundi, na majibu ya maandishi hata kama jibu ni kwamba hawakuona tatizo. Bakini na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Waranti ikiisha wakati tatizo halijapatiwa ufumbuzi, nakala hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba mlilalamika ndani ya muda.

Mkikataliwa bila sababu, kwa sisi tulio Tanzania ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo hupokea malalamiko ya walaji. Mwenye nyaraka husikilizwa kwa urahisi zaidi.

Mambo ya kuepuka

Fundi wa mtaani, hata akiwa hodari na muumini mwenzetu, asifungue difu wala kumwaga oili yake wakati waranti ipo. Wakala akiona sili imeguswa, anaweza kukataa dai lote. Pia tusifiche. Kama gari lilivuka mto na maji yakafika kwenye difu, semeni. Maji yakiingia, oili hubadilika rangi na kuwa kama maziwa, na fundi ataliona jambo hilo mara tu akiifungua. Na gari lisiendelee na safari ndefu likiwa na mvumo unaozidi, kwa kuwa beringi iliyoharibika huweza kuharibu gia zilizo jirani nayo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Waranti ya gari letu inaisha lini, na kwa mwendo wetu wa kila mwezi itaisha kwa tarehe au kwa kilomita?
2. Risiti za sevisi zote zinatunzwa wapi, na nani ana ufunguo?
3. Dereva akisema leo kwamba gari linatetemeka, nani atakaa naye na kuandika?
4. Je, bajeti yetu ina fungu la kupeleka gari kwa wakala?

Kamati itakayopeleka malalamiko ya waranti itume nakala kwenye ofisi ya miradi ya Dayosisi wiki hiyohiyo, ili tuweze kufuatilia pamoja.