Klabu Ndogo ya Kompyuta: Namna ya Kuifanya Iendelee

Wanaoanzisha klabu za kompyuta mitaani na shuleni huniuliza kwanza habari za vifaa: mashine ngapi, za aina gani, nani atazitoa. Nimetengeneza kompyuta na kukaa na vijana wanaozipenda kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba klabu haifi kwa upungufu wa mashine. Inakufa pale wanachama wanapokuwa hawana cha kuonyeshana. Maswali yafuatayo ndiyo yanayojirudia zaidi.

Swali: Shikamoo fundi. Hapa Tanga tulianza vijana zaidi ya ishirini, sasa tunaokuja hatufiki saba. Tufanye nini?

Jibu: Marahaba. Watu sita wanaokuja kila wiki wanatosha kabisa kuendesha klabu, kwa hiyo msiwahesabu waliopotea. Tazameni kikao chenu kilivyo. Katika vikundi vingi nilivyovitembelea, mmoja husimama mbele akifundisha na wengine hukaa wakitazama. Hilo ni darasa, na darasa lina mwisho wake: aliyepata alichokitaka haji tena, na aliyeachwa nyuma naye haji tena.

Ipo klabu moja ambayo kila mwenye klabu angefaa kuijua. Tarehe 5 Machi 1975 watu 32 walikusanyika katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California. Yeye na Fred Moore ndio waliowaita. Hawakuwa na jengo wala mfadhili. Kilichowavuta ni Altair 8800, mashine iliyouzwa vipande vipande kwa njia ya posta ili mnunuzi aiunganishe mwenyewe. Klabu hiyo, Homebrew Computer Club, ilidumu hadi Desemba 1986.

Ilidumu kwa sababu ya utaratibu wa vikao. Walipohamia ukumbi wa maabara ya SLAC ya Chuo Kikuu cha Stanford, wakikutana kila baada ya wiki mbili, mwongozaji wao Lee Felsenstein alikigawa kikao sehemu mbili. Kwanza kila mwenye jambo alilisema kwa kifupi mbele ya wote: nina hiki, natafuta kile, nimekwama hapa, nimesikia fununu hii. Kisha watu waliachwa huru, kila mmoja akamfuata yule aliyemsikia akitaja jambo linalomhusu. Hapo ndipo vipuri vilipobadilishwa, michoro ikanakiliwa, na mtu aliyekwama mwezi mzima akakwamuliwa kwa dakika kumi.

Mjaribu mpango huo kama ulivyo. Nusu saa ya kwanza ni mzunguko: kila mtu dakika mbili, aseme ana nini mkononi na amekwama wapi. Anayeshika saa awe mkali, maana kila klabu ina msemaji mmoja anayeweza kumaliza mchana wote peke yake. Kisha mwende mezani. Kabla ya kuondoka liulizwe swali moja: wiki ijayo nani anaonyesha nini? Liandikwe kwenye daftari pamoja na jina. Kitu kidogo kinatosha, kama taa inayowaka na kuzima kwa amri ya programu, jedwali la mahesabu ya duka la mama, au redio iliyofufuka. Kijana aliyeahidi mbele ya wenzake kwamba ataonyesha taa yake, wiki ijayo utamwona.

Siku nayo isibadilike. Kikao kinachoahirishwa leo kwa ajili ya harusi na wiki ijayo kwa ajili ya mechi kinawazoesha watu kukosa. Wakija wawili, fanyeni na hao wawili. Kwa Tanga najua Ramadhani inabadilisha ratiba yote, basi kubalianeni kabla ya mwezi kuandama: mtakutana baada ya tarawehe, au mtapumzika mpaka baada ya Idi.

Swali: Tuna mwenzetu hodari kutupita sote, lakini kwenye mzunguko hataki kusema. Tumlazimishe?

Jibu: Msimlazimishe. Mpeni meza. Steve Wozniak alikuwa Homebrew tangu mwanzo, na mwenyewe ameeleza kwamba haya ilimzuia kunyoosha mkono. Alichofanya ni kubeba mashine aliyoiunda, akaiwasha, na watu wakaja kumzunguka. Michoro ya saketi yake aliigawa bure kwa yeyote aliyetaka kujitengenezea. Mashine hiyo ndiyo iliyouzwa mwaka 1976 kwa jina la Apple I. Mwenzenu akiandika ahadi yake kwenye daftari bila kusema neno, ameshashiriki.

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Iringa. Stoo yetu ina kompyuta za mezani kama kumi na tano, zote zinasemekana mbovu. Kuna la kuokoa?

Jibu: Mwalimu, hiyo stoo ndiyo klabu yenyewe. Ukimwita fundi azitengeneze zote, umewanyang'anya wanafunzi sehemu tamu kuliko zote. Lakini kwanza kibali. Vifaa vya shule ni mali ya umma, kwa hiyo kabla ya kufungua skrubu ya kwanza pata ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi, pamoja na orodha yenye namba za vifaa hivyo.

Kisha wapange wanafunzi wawili wawili, kila jozi na mashine yake na karatasi ya kuandika wanachokiona. Inawaka? Feni inazunguka? Inatoa mlio, na mara ngapi? Skrini inaleta picha? Maana ya milio hutegemea mtengenezaji, ila mashine inayolia bila kuleta picha mimi huanza na RAM. Ichomoeni, msugue meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, mpanguse, mrudishe mpaka vibanio vibane. Utashangaa ni mashine ngapi zinaamka kwa hilo tu. Ikiwa saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma kila inapochomolewa, betri yake ya duara, CR2032 ya volti 3, imekwisha. Vumbi litolewe kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Bodi yenye kapasita zilizovimba vichwani iwekwe kando iwe ya vipuri.

Katazo moja nalisema kwa uzito wote. Kisanduku cha umeme, kile kinachopokea waya wa ukutani, kisifunguliwe na mwanafunzi yeyote. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Kikifa kinabadilishwa kizima.

Zitakazoamka msizibebeshe Windows mpya. Linux ya Debian yenye mandhari nyepesi ya Xfce au LXQt inaridhika na RAM ya GB 2. Kinachoielemea mashine kongwe ni kivinjari, hasa ukifungua kurasa nyingi kwa pamoja.

Tena huu ni wakati mzuri wa kuomba mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inakataa kompyuta zisizo na chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na nyingi zenye prosesa za zamani. Kwa hiyo ziko ofisi zenye mashine ambazo haziwafai tena, lakini kwa Linux zina miaka mingi mbele. Andikeni barua, na ndani yake mwahidi kufuta diski mbele ya macho yao. Hofu ya ofisi nyingi ni siri za wateja, wala siyo thamani ya kompyuta.

Swali: Mwenye ukumbi analalamika kwamba tunamalizia LUKU yake. Na bando nalo linatushinda.

Jibu: Mpigieni hesabu mbele yake. Laptopu ya kawaida ikifanya kazi hula wati 50 hivi. Laptopu sita kwa saa tatu ni uniti 0.9. Kompyuta sita za mezani pamoja na skrini zake, tuseme wati 150 kila moja, ni uniti 2.7 kwa muda huohuo. Kisha msingoje alalamike tena: nunueni umeme wenyewe kila mwezi, mwingize tokeni akiona. Mzee mwenye ukumbi akishaona kwamba hampunguzi kitu kwake, atakuwa mtetezi wenu wa kwanza mtaani.

Kuhusu bando, chukueni Kiwix. Ni programu ya bure, ilianza mwaka 2007, na inawawezesha kuipakua Wikipedia nzima mara moja kisha kuisoma bila mtandao. Ya Kiswahili inaenea kwenye flashi. Ya Kiingereza yenye picha ina takriban GB 100, inahitaji diski ya nje. Iwekeni kwenye kompyuta moja, muiunganishe na ruta, hata isiyo na intaneti, na kila mwenye simu chumbani atasoma. Mkipata Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 2012 kwa bei ya dola 35, itafanya kazi hiyo kwa wati chache.

Swali: Vijana wanaleta programu zilizochakachuliwa. Nizuie au nifumbe macho?

Jibu: Zuia. Kwanza kwa usalama, maana flashi zenye programu hizo ndizo zinazoleta virusi, na klabu inayoambukiza kompyuta za watu hupoteza heshima haraka.

Pili, ugomvi huu ni wa zamani. Tarehe 3 Februari 1976 Bill Gates, akiwa na umri wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta akilalamika kwamba wengi wao wanaitumia lugha ya programu ya kampuni yake, Altair BASIC, bila kuilipia. Barua hiyo ilichapishwa katika jarida la Homebrew lenyewe, klabu ambamo nakala zilikuwa zikigawanywa. Kwa maoni yangu alikuwa na haki ya kulalamika, kwani kazi ya mtu ni jasho lake. Lakini ninachokipenda zaidi ni walichofanya baadhi ya wapenzi hao. Waliandika lugha ndogo zao wenyewe, zilizoitwa Tiny BASIC, zikazunguka kwa wazi. Tom Pittman aliiuza ya kwake kwa dola 5 tu, na watu walilipa.

Fanyeni vivyo hivyo. Mtu akileta nakala ya wizi, kazi ya klabu ni kumtafutia ya halali isiyo na malipo: LibreOffice kwa barua na mahesabu, GIMP kwa picha, Inkscape kwa michoro, Blender kwa katuni. Halafu nanyi mrudishe kitu kwenye programu hizo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya kutafsiri programu huru haijaisha, haihitaji mashine yenye nguvu, na mtoto wa hapa anaiweza kuliko mhandisi yeyote wa California.

Swali: Mimi ni mmoja wa wasichana wawili katika klabu ya watu kumi na wanane, Mombasa. Wenzangu wameacha. Tufanyeje warudi?

Jibu: Dada yangu, anza kwa kutazama kibodi iko mikononi mwa nani. Jozi ikiwa ya mvulana na msichana, mara nyingi mvulana anachapa na msichana anashika kalamu. Wekeni saa: kila baada ya dakika 15 wabadilishane, bila kubishana. Ukatibu usiwe wa wasichana daima. Kikao kiishe kabla ya magharibi, maana wazazi wengi humkataza binti kwa sababu ya njia ya kurudi, si kwa sababu ya kompyuta. Na ukimwalika msichana, mwalike na rafiki yake. Pale Nairobi, wanawake wa fani hii waliunda AkiraChix mwaka 2010 kwa sababu walichoka kuwa peke yao chumbani. Ninyi wawili mnaweza kudai saa moja kila mwezi ambayo meza zote ni za wasichana. Viongozi wenu wakikataa hilo, klabu imepoteza zaidi yenu.

Swali: Tusajili klabu kwanza ndipo tutafute mfadhili?

Jibu: Msiharakishe. Chaos Computer Club ya Ujerumani ilianza mwaka 1981, ikasajiliwa kama chama mwaka 1986. Mkianza kuweka fedha za pamoja, nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri awaelekeze. Kabla ya hapo, mchango mdogo wa kila wiki na mweka hazina anayesoma hesabu kwa sauti kila mwezi vinatosha. Msaada wa vifaa pokeeni. Msaada wa kulipa watu posho za kuhudhuria ukataeni, kwa sababu siku posho ikikatika hatabaki mtu.

Swali: Nimepata uhamisho. Klabu niliyoianzisha shuleni itakufa nikiondoka?

Jibu: Itakufa kama ufunguo wa chumba, nywila zote na masikilizano na mkuu wa shule viko kwako peke yako. Vigawe sasa, kabla barua haijakupeleka. Kwa uongozi, kidato cha nne wana mtihani wa taifa na kidato cha pili wana upimaji wao, kwa hiyo mchague kiongozi wa kidato cha tatu na msaidizi wa kidato cha kwanza. Wiki zilizobaki kaa nyuma ya chumba. Wakikuuliza, tumia kanuni ya CoderDojo, klabu za watoto zilizoanzia Cork, Ireland, mwaka 2011: uliza wenzako watatu kabla ya kumwuliza mkufunzi.

Mtafute pia mwalimu wa kukurithi, hata kama hajui kompyuta. Kazi yake ni kufungua mlango kwa wakati, kukaa nao na kufunga. Nywila ziwekwe kwenye bahasha kwa mkuu wa shule, na orodha ya vifaa isainiwe na watu watatu: wewe, mrithi wako na mkuu.