Neno "Improved" katika Ripoti za Maji: Tulielewe Kabla ya Kulijaza

Katika toleo hili tunajifunza neno moja la Kiingereza linalojitokeza sana katika fomu na ripoti za miradi ya maji. Neno hilo ni "improved". Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuwa maana yake ni "kuboreshwa", na ni kweli. Lakini katika fomu za maji neno hili lina maana maalumu, na kamati inayolijaza bila kuijua inaweza kuwaondoa watu wake katika orodha ya wenye shida ya maji.

Tuchukue mfano. Tuseme kijiji kimoja cha Handeni kina lambo lililojaa tope. Kamati inahamasisha wananchi, wanajitolea nguvu kazi, tope linaondolewa na lambo linaongezwa kina. Sasa maji yanadumu hadi mwisho wa kiangazi. Katibu anaandika katika ripoti: "We have improved our water source." Kisarufi sentensi hiyo haina kosa, maana lambo limeboreshwa kweli. Lakini mfadhili akiisoma anaelewa kuwa kijiji sasa kina "improved water source", na anazihesabu kaya zote kuwa zimefikiwa. Mwaka unaofuata fedha za kisima kirefu zinapelekwa kwingine, na watoto wanaendelea kunywa maji yale yale wanayonywa ng'ombe.

Maana yake katika fomu

Maana hii inatokana na mpango wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ambao umekuwa ukifuatilia hali ya maji duniani tangu mwaka 1990. Kwao, chanzo kilicho "improved" ni kile ambacho kwa jinsi kilivyo au kilivyojengwa kinaweza kutoa maji salama, kwa kuwa kinazuia uchafu wa nje kuingia. Swali si kama chanzo ni bora kuliko mwaka jana, bali ni cha aina gani.

Wakulima wetu wataelewa haraka. Mtu akipepeta mahindi yake na kuchagua punje nzuri, atakuwa na mbegu nzuri, lakini hatuiti "mbegu bora". Mbegu bora ni aina inayojulikana, na kwa Kiingereza huitwa "improved seed". Kwenye maji ni vivyo hivyo.

Vyanzo vinavyohesabiwa kuwa "improved" ni hivi:
- maji ya bomba, nyumbani au kwenye kituo cha kuchotea;
- kisima kirefu;
- kisima kifupi kilichojengewa kuta, sakafu ya zege na mfuniko;
- chemchemi iliyojengewa na kukingwa;
- maji ya mvua yaliyovunwa kutoka kwenye paa na kuhifadhiwa kwenye tangi;
- maji ya chupa, na yale yanayoletwa kwa maboza au mikokoteni. Kundi hili lilikubaliwa kuanzia taarifa ya mwaka 2017, hivyo mwulizeni mfadhili wenu anafuata utaratibu upi.

Kisima kilicho wazi na chemchemi isiyokingwa havimo. Mto, bwawa na lambo huwekwa katika kundi la chini kabisa, la maji ya juu ya ardhi. Kwa hiyo kaya ya Korogwe inayochota moja kwa moja kutoka Mto Pangani iko kundi moja na ile ya Handeni inayochota lamboni, hata kama mto haukauki. Maji ya mto huo huo yakisafishwa na kupita kwenye bomba hadi Handeni, yanahesabiwa kuwa "improved".

Mambo mawili ya kuangalia

Kwanza, "improved" si sawa na "safe". Kisima chenye pampu ya mkono kinaweza kuwa na vimelea kama choo kimechimbwa karibu. Bila kupima maji, tusiandike kuwa ni salama.

Pili, neno hili halisemi lolote kuhusu umbali wala kama maji yanatoka kila siku. Bomba linalokauka kwa wiki nzima bado ni "improved". Ndiyo maana siku hizi fomu huuliza muda. Kwenda, kupanga foleni na kurudi kukizidi dakika 30, huduma hiyo huitwa "limited", yaani yenye mapungufu. Ikiwa ni dakika 30 au chini yake, huitwa "basic", yaani ya msingi. Hapa nchini, Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la vijijini kuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja kwa watu 250.

Tuandikeje?

Tutaje kazi yenyewe. Badala ya "We improved the pond", tuandike "We removed silt from the pond", yaani tumeondoa tope. Kisha tuongeze kuwa wananchi bado wananywa maji ya lambo. Wafadhili nao tunawaomba, wanapokutana na neno hili katika ripoti, waulize: chanzo ni cha aina gani?

Zoezi kwa kamati

Jadilini kama vyanzo hivi ni "improved":
1. Kisima kifupi kilichoongezwa kina lakini hakina mfuniko.
2. Tangi linalokinga maji ya mvua kwenye bati la kanisa.
3. Lambo lililozungushiwa uzio wa miiba.

Majibu: la kwanza hapana, la pili ndiyo, la tatu hapana. Uzio unazuia mifugo, lakini maji ya mvua bado yanaingia lamboni na uchafu wote wa bonde.

Kabla ya kutuma ripoti za robo hii, kila kamati ipitie upya sentensi zenye neno hili na kuzilinganisha na orodha hapo juu. Jasho la waliochimba lambo listahili kuandikwa kwa heshima yake, na shida iliyobaki nayo iandikwe kama ilivyo.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.