Moshi Umekwisha, Sumu Bado Ipo



Mwezi wa Juni na Julai ni kipupwe. Usiku kuna baridi huku kwetu Nyasubi na Kahama yote. Kila mtu anatafuta joto.

Zamani wazee wa Kisukuma waliota moto kwenye shikome. Shikome ilikuwa uani, nje ya nyumba. Moshi ulikwenda zake na hewa mbaya ilikwenda zake. Siku hizi wengi wetu tunaingiza jiko la mkaa au la kuni chumbani. Kisha tunafunga mlango na madirisha, tunalala. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Tuchukue mfano. Binti amejifungua. Mtoto wake ana siku tatu. Usiku anamwambia mama yake:

"Mama, niletee jiko humu ndani, mtoto apate joto. Mkaa umeshashika, hauna moshi."

"Hapana, mwanangu. Moshi umekwisha, lakini sumu bado ipo."

Mama huyo amesema kweli.

SUMU HIYO NI NINI?

Mkaa na kuni vikiungua hutoa hewa ya sumu. Jina lake ni kaboni monoksaidi. Haionekani kwa macho. Haina harufu. Chumba kikifungwa, inajaa humo humo. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, yaani hewa inayotupa uhai. Kwanza kichwa kinauma. Halafu unapata kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Mtu aliyelala hajui kama anadhurika. Anaweza kufa usingizini.

TUFANYE HIVI

1. Tuwashe jiko nje, na tuote moto nje au barazani.

2. Kama ni lazima kupasha nyumba joto, tufungue mlango na madirisha, na mtu awe macho muda wote.

3. Kabla ya kulala, jiko litoke nje. Hata kama dirisha liko wazi, usilale na jiko.

4. Jiko likae mbali na chandarua, godoro, mafuta ya taa na watoto.

5. Majivu yamwagiwe maji kabla ya kutupwa. Kaa la moto hujificha ndani yake.

6. Mtoto mchanga apewe joto la mama. Mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, amfunike vizuri na kumvisha kofia. Joto hilo halina sumu, wala halinunuliwi.

AKIZIDIWA MTU

Fungua mlango na madirisha upesi. Mtoe nje kwenye hewa safi. Usikawie mle ndani, usije ukaanguka na wewe. Ita majirani, kisha mpelekeni hospitali mara moja. Huko atapewa oksijeni. Watu husema apewe maziwa. Si hivyo. Maziwa hayaondoi sumu hii, na aliyezimia akinyweshwa anaweza kupaliwa na kufa.

MASWALI

1. Kwa nini shikome haikuwa na hatari kama jiko la chumbani?

2. Utajuaje kwamba mtu ameanza kudhurika?

3. Je, nyumbani kwako jiko hulala wapi?

Ukimaliza kusoma, wasomee na wengine nyumbani. Leo hii, kabla hamjalala, litoeni jiko nje.