Programu ya mizani: ufunguo wa ghala ukae kwa nani?

Wanunuzi wa alizeti na mpunga katika Kintinku, wilayani Manyoni, wanaijua vizuri tofauti kati ya mtu anayeruhusiwa kuingia ghalani kuhesabu magunia na yule anayeruhusiwa kuyatoa. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa somo la wiki hii. Linamhusu mfanyabiashara anayetaka kuagiza programu ya kutunza hesabu za mizani, stoo na malipo ya wakulima.

Programu huandikwa kwa msimbo, yaani maelekezo ambayo kompyuta huyafuata. Msimbo huwekwa katika ghala linalotunza kila badiliko: nani kabadili, lini, na mstari upi. Chombo kinachotumika zaidi kwa kazi hiyo ni Git, kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Ghala mashuhuri la mtandaoni ni GitHub, lililofunguliwa 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa Dola bilioni 7.5 za Marekani. Upande wa pili ipo seva ya kuunda programu. Hii huchukua msimbo ghalani, huujaribu, kisha hutoa programu iliyo tayari kutumika. Inayojulikana sana ni Jenkins, ambayo haiuzwi. Hadi mwaka 2011 ilikuwa ikiitwa Hudson.

Bila seva, mtaalamu huunda programu kwenye kompyuta yake na kumtumia mteja. Siku akikosea kanuni ya kupunguza uzito wa gunia tupu, kosa linagunduliwa wakulima wakiwa wamekwisha lipwa. Seva ikiunganishwa na ghala, kila badiliko hupitishwa kwanza katika hesabu za mfano ambazo majibu yake yanajulikana. Jibu likitofautiana, kazi inasimama. Utaratibu wa namna hiyo ndio unaoendesha OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006 na unaoandikwa na wataalamu wa nchi nyingi.

Kuunganisha kwenyewe si kazi ya siku nzima. Kwenye seva hutengenezwa jozi ya funguo. Nusu ya wazi husajiliwa katika ghala, tena kwa ghala hilo moja tu, na kwa ruhusa ya kusoma pekee. Nusu ya siri hubaki katika hifadhi ya siri ya Jenkins. Kisha katika kazi mpya huandikwa anwani ya ghala, huchaguliwa ufunguo, na hutajwa tawi la msimbo linalotakiwa. Wanaojaribu kutumia neno la siri la akaunti ya GitHub hukwama, kwa sababu njia hiyo ilifungwa tarehe 13 Agosti 2021. Wengine hukwama kwenye jina la tawi: Jenkins hupendekeza «master», ilhali maghala mapya ya GitHub tangu Oktoba 2020 huanza na «main». Seva hulalamika kwamba haikuona kitu cha kuunda, na mwenye mali huambiwa mtandao ni mbovu.

Linabaki swali la seva kujua kwamba msimbo umebadilika. Stesheni masta wa Kintinku, kwenye Reli ya Kati, anaweza kupigiwa simu na stesheni ya jirani kwamba treni imeondoka, au anaweza kutoka nje mara kwa mara kuchungulia. Kwa njia ya kwanza, GitHub huipigia seva kila msimbo mpya unapoingia. Ni ya haraka, lakini seva lazima iwe na anwani inayofikika kutoka nje. Kompyuta iliyo dukani, inayotumia modemu ya simu, kwa kawaida haina anwani hiyo. Isitoshe, umeme ukikatika wakati wa taarifa, GitHub hairudii kuipiga yenyewe. Kwa duka la Kintinku njia ya kuchungulia, tuseme kila dakika 15, inafaa zaidi, hata kama wataalamu wa mjini wataiona ya kizamani. Umeme ukirudi, seva hulinganisha msimbo wa mwisho iliouchukua na uliopo ghalani, na kazi inaendelea.

Penye fedha hasa ni jina la akaunti. Chukua mfano wa mnunuzi anayemlipa kijana wa Dodoma aandike programu, naye kijana akafungua ghala kwa jina lake na kuipa seva ufunguo wake binafsi. Kijana akipata ajira kwingine na kuufuta ufunguo huo, seva hushindwa kuchukua msimbo. Mnunuzi amebaki na programu inayofanya kazi leo, lakini hana msimbo wa kuirekebisha kesho ushuru au kipimo kikibadilika. Ghala lifunguliwe kwa jina la biashara, lenye wamiliki wawili, na mtaalamu aalikwe ndani. Tangu 2020 ghala la faragha la aina hiyo halilipiwi GitHub, kwa hiyo gharama si kisingizio.

Aidha, ufunguo uliosajiliwa kwa ghala haufi mtaalamu anapoondolewa. Nao hauna tarehe ya kwisha. Hapana budi ufutwe na kutengenezwa mwingine. Mwaka 2020 ilibainika kwamba wavamizi waliingia katika mfumo wa kuunda programu wa SolarWinds ya Marekani na kupenyeza msimbo wao ndani ya bidhaa yake ya Orion, nayo ikawafikia wateja wapatao 18,000. Januari 2023 CircleCI, inayokodisha seva za namna hii, iliwataka wateja wake wote wabadili siri walizohifadhi kwake.

Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mnunuzi amwombe mtaalamu aingize badiliko dogo mbele yake, asubiri dakika 15, na kuona seva ikilichukua. Kisha mtaalamu aondolewe ghalani kwa muda, na jaribio lirudiwe na mtu mwingine.