Choma Daftari la Makosa

Wapendwa wanandoa, huenda mnasali Rozari pamoja kila jioni, huku kila mmoja akificha moyoni daftari la makosa ya mwenzake: pesa za karo zilizoishia kilabuni, neno lililosemwa mbele ya wakwe. Roho haikui hivyo. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwenye upendo haweki kumbukumbu ya ubaya aliotendewa. Mwaka 2016 Papa Fransisko alilifafanua fundisho hilo katika sura ya 4 ya Wosia wa Kitume Amoris Laetitia. Anayelinda daftari hilo ni kiburi: “Kwa nini nianze mimi?” Leo, kabla ya sala, taja kosa lako, si la mwenzako. Sema, “Mama Njeri, nilikukosea, nisamehe.” Kisha nendeni wote wawili mkaungame.